Namna ya kuufuata msimu wa Super League, kuanzia Februari hadi Old Trafford

Anza na mji, timu itakuja yenyewe. Super League ni ligi kuu ya raga ya wachezaji 13 ya Uingereza, na raga hii ni mchezo wa miji ya kaskazini: Wigan, St Helens, Warrington na Leigh magharibi mwa milima ya Pennines, Leeds, Wakefield, Castleford, Huddersfield, Bradford, York na Hull mashariki yake. Ukiziweka kando klabu mbili za Ufaransa, Catalans ya Perpignan na Toulouse, zilizobaki zote unaweza kuzitembelea kwa treni au basi na usiku ukalala kwako. Kwa hiyo kama umekuja huku kwa kazi ya hospitali, ghala au kutunza wazee, timu yako imeshapangwa na kodi ya nyumba unayolipa.

Mimi naendesha basi Hull, mji wenye klabu mbili. Mto Hull unaukata mji katikati: magharibi ni Hull FC, weusi na weupe; mashariki ni Hull Kingston Rovers, wekundu na weupe. Nilipoanza kazi nilipewa njia za magharibi, nikawa mweusi na mweupe kabla sijaelewa hata sheria moja. Hasara ya uamuzi huo nitaieleza mbele.

Kama bado hujui aliyekaa karibu nawe ni wa upande gani, mtaje Clive Sullivan. Barabara kuu ya A63 inayoingia mjini kutoka magharibi inaitwa Clive Sullivan Way. Alizaliwa Cardiff, akaja Hull akiwa kijana, akazichezea klabu zote mbili, na mwaka 1972 alikuwa nahodha wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia kule Lyon. Katika fainali hiyo alikimbia na mpira karibu uwanja mzima akafunga. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Alifariki 1985 kwa saratani, na mpaka leo ndiye jina pekee linalozungumzwa kwa heshima ileile pande zote mbili za mto. Mgeni mwenye ngozi kama yangu akimtaja, mazungumzo huwa yameshafunguka.

Usichanganye raga mbili

Kama raga unayoijua ni ya Shujaa wa Kenya, ya wachezaji saba, au ile ya wachezaji 15, hii ni nyingine. Hii ina 13. Zilitengana tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zilipojitoa kwenye chama kikuu. Ugomvi ulikuwa wa pesa, tena pesa halali: mchimba makaa au mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyekwenda kucheza Jumamosi alipoteza ujira wa siku hiyo, na wakubwa wa chama hawakutaka afidiwe. Waliojitoa wakakubaliana kufidia hadi shilingi sita kwa siku. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji wawili ili uwanja upate nafasi. Hapa hakuna kurushiana mpira kutoka nje ya mstari, hakuna kugombea mpira chini ya rundo la watu, na skramu, yaani kundi la wachezaji walioinama na kushikana kugombea mpira, ni ya kuegemeana tu. Ukimwambia mtu wa Hull kwamba ile nyingine ndiyo raga yenyewe, jiandae kushuka kituo kinachofuata.

Jifunze kuhesabu hadi sita

Hili ndilo la kutumia muda wako mwingi, maana ukilielewa mengine yote yanajipanga. Timu ikipata mpira inaruhusiwa kukabwa mara sita. Ni kama abiria aliyelipia vituo sita: cha sita kikifika, gari si lake tena. Ukikaa jukwaani au mbele ya luninga, hesabu kwa vidole, hata kwa sauti. Hakuna atakayekucheka, wazee wa pale hufanya hivyohivyo.

Sasa mtazame kwa karibu mtu aliyekabwa. Anasimama, anauweka mpira chini mbele ya mguu wake, anausukuma nyuma kwa unyayo, na mwenzake anauokota, mara nyingi huka mwenye jezi namba 9. Tendo lenyewe ni la sekunde chache, lakini mechi nyingi huamuliwa hapo. Walinzi wote wanatakiwa warudi mita 10, isipokuwa wawili wanaoruhusiwa kusimama mbele ya anayeuchezesha mpira. Mpira ukichezeshwa haraka, walinzi wanakutwa bado wanarudi kinyumenyume, visigino chini, hawawezi kusukuma mbele. Ukichezeshwa polepole, ukuta umeshasimama. Ndiyo sababu utaona majitu matatu yamemlalia mtu mmoja, yanajifanya yamenasa, yanainuka kwa awamu kama yanayoumwa mgongo. Kelele za jukwaani huanzia hapo. Refa akiona ujanja umezidi, tangu 2020 ana dawa: hupunga mkono, hesabu inaanza upya kutoka sifuri bila kusimamisha mchezo. Timu ikipewa sita mpya mara mbili mfululizo karibu na mstari wa kufungia wa wapinzani, usiinamishe kichwa kutafuta soda. Trai, yaani kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari huo, iko njiani.

Mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kawaida ni kazi ya mapropu, namba 8 na 10, watu wa kilo mia na zaidi wanaoingia ukutani kwa makusudi ili kupata mita. Hapo wageni huona kuchosha. Wewe tazama tu walinzi wangapi wametumika kumwangusha kila mmoja, na nani amechelewa kurudi. Mara ya nne mpira huanza kuhama kwa hafu-beki, namba 6 na 7. Baada ya kukabwa mara ya tano refa huinua mkono, na hapo karibu kila timu hupiga teke, maana ikikabwa tena na mpira mkononi, inaukabidhi pale pale. Mateke ni ya aina zake: la juu sana ili winga wa pembeni na fulubeki, mlinzi wa nyuma kabisa, waugombee hewani, la kubiringisha chini nyuma ya walinzi, au la mbali la kuwasukuma wapinzani kwenye kona yao. Kuna moja utakalopenda, la 40/20: mtu akipiga akiwa ndani ya mita 40 zake, mpira ukadunda uwanjani kisha ukatoka nje ndani ya mita 20 za wapinzani, timu yake inaurudisha mpira mikononi mwake usawa wa pale ulipotokea. Teke moja, nusu ya uwanja.

Hesabu ya pointi ni fupi. Trai ni 4, mkwaju baada ya trai au wa penalti ni 2, na mkwaju wa kudundisha mpira chini kabla ya kuupiga ni 1. Hiyo moja wageni huidharau. Timu inayoongoza kwa 12 inaweza kufikiwa kwa trai mbili na mikwaju yake. Inayoongoza kwa 13 inahitaji kufikiwa mara tatu. Kwa hiyo ukiona dakika ya 70 timu imeongoza kwa 12 na inajikusanya katikati ya uwanja badala ya kutafuta trai, ujue namba 7 anapimiwa nafasi ya kudundisha. Mechi ya ligi ikiisha sare, tangu 2019 huongezwa dakika 10, na wa kwanza kupata pointi yoyote ndiye mshindi.

Kalenda, kwa ufupi

Ligi huanza Februari, kwenye matope, na kwisha Oktoba. Hadi 1996 ilichezwa majira ya baridi. Super League ilipoanza mwaka huo ndipo ikahamia majira ya joto, na mechi ya kwanza kabisa ilichezwa Paris. Ushindi ni pointi 2, sare 1. Hadi 2025 timu zilikuwa 12. Kuanzia 2026 ni 14, baada ya Bradford, York na Toulouse kuingia na Salford kutoka. Ijumaa Kuu ni siku ya watani wa jadi: Hull FC na Rovers, Wigan na St Helens. Katikati ya msimu kuna wikendi ya raundi nzima kwenye uwanja mmoja, iliyoanza Cardiff 2007. Ni nzuri kwa mgeni: kwa siku moja unaona jezi za klabu nyingi na unajua ni ipi ya kuchukia.

Kinara si bingwa

Ligi ikifika mwisho, timu iliyo juu ya msimamo hupewa Ngao ya Vinara wa Ligi. Watapiga picha, watakunywa, na Jumatatu watarudi mazoezini, kwa sababu ubingwa bado. Sita za juu huingia kwenye mchujo. Ya kwanza na ya pili hupumzika na kusubiri nusu fainali nyumbani. Ya tatu huikaribisha ya sita, ya nne huikaribisha ya tano, anayepoteza msimu wake umekwisha usiku uleule. Washindi wanasafiri kwenda kwa wale wawili waliopumzika. Wanaobaki wawili wanakutana Old Trafford, Manchester.

Mashabiki wa soka hupata shida hapa, kwa hiyo shika mifano miwili. Leeds walibeba ubingwa 2011 na 2012 wakitokea nafasi ya tano, miaka miwili mfululizo. Upande wa pili wa mzani wapo Castleford, mji mdogo wa makaa ya mawe ambao haujawahi kuwa bingwa. Mwaka 2017 walimaliza juu ya msimamo wakiwa mbele ya wa pili kwa pointi 10. Kwenye nusu fainali walihitaji muda wa nyongeza kuwatoa St Helens, 23 kwa 22, kwa mkwaju wa pointi moja wa Luke Gale, ambaye wiki mbili hivi kabla ya hapo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wakaenda Old Trafford, Leeds wakawafunga 24 kwa 6. Mwambie mtu wa Castleford kwamba timu bora kwa msimu mzima ndiyo ilistahili, uone atakavyokutazama.

Mimi mfumo huu naupenda. Najua wengi wanaona ni dhuluma, na hoja yao ina uzito. Lakini unaifanya mechi ya Agosti kati ya wa saba na wa nane iwe na maana, na kwa sisi ambao timu yetu huishi maeneo hayo, ndiyo chakula chetu. Kwa hiyo kuanzia Julai acha kuangalia nani yuko juu. Chora mstari chini ya nafasi ya sita, kisha mwingine chini ya nafasi ya pili. Vita viko kwenye mistari hiyo.

Fainali hiyo huwa Old Trafford tangu 1998, isipokuwa 2020, janga la Uviko lilipoilazimisha ichezwe hapa Hull, majukwaa matupu. Nilikuwa kazini jioni hiyo na basi langu lilikuwa tupu vilevile. Kama utatafuta video moja tu ya kumwonyesha asiyeamini, tafuta dakika ya mwisho ya mechi hiyo. St Helens na Wigan wako 4 kwa 4. Tommy Makinson anajaribu mkwaju wa pointi moja kutoka mbali, mpira unagonga mlingoti, unadunda vibaya, na Jack Welsby wa miaka 19, aliyekuwa ameufukuza wakati wengine wanatazama, anaulalia. Nane kwa nne. Angalia Welsby alianza kukimbia lini: mpira ulikuwa bado uko hewani.

Kombe lina njia yake

Sambamba na ligi kuna Challenge Cup, mashindano ya mtoano yaliyoanza 1897, na fainali yake imehusishwa na Wembley tangu 1929. Timu inaweza kuboronga kwenye ligi na bado ikawa na safari ya London, na kwa miji hii safari hiyo ni sikukuu. Mwaka 1980 klabu zote mbili za Hull zilifika fainali. Mji ulihama mzima, na kwenye barabara ya kutokea kukaachwa maandishi yakimwomba wa mwisho kuondoka azime taa. Rovers walishinda 10 kwa 5. Kwa miaka mingi baadaye waliimba kwamba Hull FC haitashinda kamwe Wembley, na haikushinda, hadi 2016.

Fainali ya 2016 ndiyo ninayowapa wageni kama somo la ulinzi. Warrington waliongoza 10 kwa 0, Hull FC wakarudi hadi 12 kwa 10. Dakika za mwishomwisho Ben Currie wa Warrington akavuka mstari akiwa na mpira, mkono unashuka kuugusisha chini. Danny Houghton, huka wetu, mtoto wa hapa hapa Hull, akamfikia na kuubamiza mpira ukamtoka. Alikuwa ameshakaba watu alasiri nzima na bado alikuwa na mbio hizo. Nyumba nyingi za magharibi mwa mto zina picha ya tukio hilo ukutani.

Na ile hasara niliyoahidi kuieleza: 2025. Rovers, ambao hawakuwa wamebeba kombe kubwa tangu 1985, walikuwa nyuma ya Warrington 6 kwa 2 Wembley zikiwa zimebaki dakika mbili hivi. Tom Davies akauwahi mpira na kufunga trai, Mikey Lewis akaongeza mkwaju, 8 kwa 6. Kisha wakachukua ngao ya vinara. Kisha Old Trafford wakawafunga Wigan 24 kwa 6. Vikombe vyote vitatu, mwaka mmoja, upande wa mto usio wangu. Nilipangiwa zamu za mashariki wiki iliyofuata na nilimpungia kila mtoto mwenye bendera nyekundu, maana kazi ni kazi.

Nani anabaki ligi kuu

Hapa usiutafute mstari mwekundu chini ya msimamo kama wa soka. Tangu msimu wa 2025, klabu hupimwa kwa alama 20: matokeo uwanjani ni sehemu tu, nyingine ni mashabiki, fedha, uwanja na eneo klabu inakotoka. Wenye alama 15 na zaidi ni daraja A, na hao wana uhakika wa nafasi. London Broncos walipanda kwa kushinda mechi zao 2023, wakaucheza msimu wa 2024 wakijua alama zao ni ndogo mno na kwamba wanarudi chini hata wakijitahidi. Binafsi naona hapo mchezo ulijichoma kisu. Mtu alipie tiketi ya msimu mzima huku jibu liko kwenye karatasi ya ofisini? Wenye mfumo husema klabu sasa zinajenga vyoo na taa badala ya kukopa pesa za wachezaji, na nakiri vyoo vimekuwa bora.

Kwenda uwanjani, au kubaki nyumbani

Nunua tiketi ya kusimama. Ni nafuu kuliko kiti, na ndiko waliko watu wanaojua. Jukwaa la kusini la Headingley, Leeds, ni shule tosha, na Craven Park ya Rovers nayo ina pa kusimama. Mashabiki wa pande mbili mara nyingi huchanganyika bila fujo, kwa hiyo unaweza kwenda na watoto ukiwa umevaa jezi ya wageni. Kwenye mechi za watani hata hivyo kaa na wenzako. Simama usawa wa mita 20 hadi 30 kutoka mstari wa kufungia, juu kidogo, si katikati ya uwanja: hapo utaona mita 10 za walinzi zikifunguka na kufungika. Februari vaa soksi mbili. Upepo wa Hull unatoka baharini na hauna adabu.

Mechi nyingi za Alhamisi na Ijumaa huanza saa mbili usiku. Aliye Afrika Mashariki ataiona saa tano usiku mwanzoni mwa msimu, na saa nne baada ya Waingereza kusogeza saa zao mwishoni mwa Machi. Sky Sports ndio wenye haki hapa Uingereza, BBC huonyesha baadhi, na ligi ina huduma yake ya mtandaoni, SuperLeague+, ambayo ndiyo njia rahisi kwa aliye nje.

Baada ya Oktoba fuatilia usajili kidogo tu. Majina mengi yatakuwa ya Waaustralia usiowajua, na uvumi ni mwingi kuliko mikataba. Kitu cha kungojea ni ratiba mpya. Siku ikitoka, tafuta kwanza Ijumaa Kuu mchana timu yako iko wapi, kisha nenda ukaombe likizo saa hiyohiyo. Kwenye depo yetu fomu za siku hiyo huisha kabla ya chai ya saa nne.